Taa ya Gari Lazima Ipumue

 Leo nataka kuzungumza na wenye magari wa huku kwetu Matuga, hasa nyinyi mnaoendesha usiku na alfajiri: madereva wa matatu za Likoni na Ukunda, wenye Probox za Kombani na Kwale, wenzetu wa tuktuk na bodaboda, na yeyote mwenye gari lake dogo la kwendea kazini. Mada yetu ni ule ukungu unaojitokeza ndani ya taa za mbele, upande wa pili wa kioo, pale ambapo mkono haufiki na kitambaa hakifai kitu.

Tangu masika yaanze nimeulizwa jambo hili na watu wengi. Dereva mmoja kijana pale stendi ya Kombani alinionyesha taa ya kushoto ya gari lake, akaniambia, "Mzee, hii taa nilinunua mwaka jana tu, na sasa imeingia maji. Si nimeuziwa mbovu?" Nikamuuliza, "Mwanangu, ukiwasha taa ukaenda nayo Likoni, huo ukungu unabaki?" Akasema hapana, akifika Ng'ombeni huwa umeshakwisha. Nikamwambia basi taa yako nzima, iache kama ilivyo. Hakuniamini upesi, nami nilimwelewa, kwa sababu watu wengi wanadhani kwamba taa ya gari ni kitu kilichofungwa kabisa, kwa hivyo wakiona unyevu ndani wanahesabu kuwa imeharibika.

Zamani ilikuwa hivyo kweli. Wazee wanaozikumbuka Land Rover za zamani wanazikumbuka na taa zake za mviringo, kioo kizito kilichounganishwa na sehemu ya nyuma kikawa kitu kimoja, hewa haiingii wala haitoki. Waya wa ndani ukikatika, taa nzima inatupwa. Marekani walilazimisha taa za aina hiyo kuanzia magari ya mwaka 1940, na hawakuruhusu taa za kubadilisha balbu mpaka mwaka 1983. Taa zile hazikujua ukungu. Magari tunayoendesha sisi leo, mengi yakiwa yametumika Japani kabla ya kushushwa bandarini Mombasa, yana taa za namna nyingine: kioo chake ni plastiki ngumu, kimegandishwa kwenye kasha kwa gundi, nyuma kuna mfuniko wa mpira au wa plastiki wa kutolea balbu, na mahali fulani kwenye kasha pana matundu ya kupumulia.

Naomba mnisikilize vizuri kuhusu matundu hayo, maana hapo ndipo taa nyingi za huku kwetu zinapouawa.

Balbu ya halojeni ya kawaida ni ya wati 55, na sehemu kubwa ya umeme huo inageuka joto. Ukiwasha taa, hewa ya ndani inapata moto na kutanuka. Lazima itoke mahali, ama sivyo itasukuma kioo kutoka kwenye gundi yake. Ukizima, hewa inapoa na kusinyaa, na taa inavuta hewa nyingine kutoka nje. Kila safari, kila ukiwasha na kuzima, taa inatoa na kuvuta. Waliotengeneza gari walijua hivyo, ndiyo sababu wakaweka kijitundu chenye kipande cha mpira kilichopinda kikitazama chini, au chenye sponji, au kilichofunikwa kwa utando mwembamba unaopitisha hewa na kuzuia matone.

Sasa hewa inayovutwa ndani ni hewa ipi? Ni hewa ya hapa hapa. Umepaki Tiwi au Diani jioni, upepo unatoka baharini, taa inapoa na inajaza hewa hiyo. Hewa yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, jambo la kawaida kabisa kwetu, ikipoa nyuzi nne tu, ikafika 26, mvuke wake unaanza kugeuka maji. Mchana wa Nairobi wenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 50, hewa ingehitaji kupoa nyuzi kumi na zaidi kabla ya jambo hilo kutokea. Ndiyo maana gari lililokaa miaka Nairobi bila shida yoyote linaletwa Pwani na wiki ya kwanza taa zinatoa jasho. Gari ni lile lile, hewa ndiyo imebadilika. Ni kama gilasi ya maji ya ukwaju uliyoitoa kwenye friji: nje inalowa, na hakuna aliyeimwagia maji.

Na sisi wa Matuga tuna jambo letu la ziada, nalo ni mlima. Mji wa Kwale uko karibu mita 400 juu ya bahari. Kwa kawaida joto hupungua zaidi ya nusu nyuzi kwa kila mita 100 unazopanda, kwa hivyo kati ya ufuo wa Diani na mji wa Kwale utakuta tofauti ya nyuzi mbili na nusu hivi. Gari limeshinda Ukunda, limejaza hewa ya bahari kwenye taa zake, magharibi linashika Kombani na kupanda. Kioo cha taa kinapigwa na upepo wa safari na manyunyu ya kusi, kinapoa haraka kuliko kitu kingine chochote hapo mbele, na zile nyuzi chache nilizotaja zinakwisha njiani. Ukifika juu Kwale na ukungu wa Shimba Hills unakupokea nje, tayari una mwingine ndani ya taa. Hilo ni jambo la hali ya hewa, wala fundi hana la kulifanya.

Lakini, na hapa ndipo mtu anapotakiwa kuwa makini, kuna maji mengine ambayo hayatokani na hewa. Nitawapa hesabu, tena ni rahisi. Taa ya gari dogo ina nafasi ya hewa ya lita chache. Tuseme ni kubwa, ina lita tano. Mita moja ya ujazo ya ile hewa yetu ya nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 inabeba gramu 24 hivi za maji. Lita tano basi zinabeba gramu 0.12. Hayo ni matone mawili au matatu. Na hapo nimehesabu kwamba mvuke wote umegeuka maji, jambo ambalo halitokei. Kwa usiku wa kawaida ni sehemu ndogo tu inayoganda kwenye kioo, labda nusu ya tone. Nusu ya tone ikitandazwa kwenye kioo chote inatosha kukifanya cheupe, na mtu akiona weupe ule anadhani mna kikombe cha maji.

Kwa hivyo ukiona ukungu mwembamba, kama pumzi kwenye kioo, wewe washa taa uendeshe. Taa ya halojeni itajikausha. Ukiona matone makubwa yanayoteremka, au maji yamekusanyika chini ya taa yanacheza ukikata kona, hayo hayakuingia kama hewa. Yameingia yakiwa maji, na yameingia penye ufa, penye gundi iliyoachia au penye mfuniko usiofunga. Kitabu cha mwenye gari cha Toyota kinayatenga mambo haya mawili vivyo hivyo: ukungu wa muda ndani ya kioo si hitilafu, matone makubwa au maji yaliyotuama ndiyo ya kupeleka kwa fundi. Bahati mbaya magari yetu mengi yanakuja na kitabu kilichoandikwa Kijapani, kinakaa kwenye droo ya dashibodi bila kufunguliwa mpaka gari linauzwa.

Sasa tuje kwa mafundi wetu. Nawaheshimu mafundi wa waya wa Kombani, wa Ukunda, wa Likoni. Wengi wamesomeshwa na kazi yenyewe na wanaijua. Lakini kuna desturi moja nataka waiache. Mteja analeta taa yenye ukungu, fundi anachukua bomba la silikoni, anaizungushia taa yote kutoka mbele mpaka nyuma, na akikuta kale kampira kaliko wazi, anakajaza silikoni pia, kwa sababu ameona tundu na tundu kwake ni njia ya maji. Mteja anaondoka ameridhika. Wiki mbili baadaye taa ina ukungu mbaya zaidi, na safari hii hauondoki, maana unyevu uliofungiwa ndani umekosa pa kutokea. Joto la balbu linaugeuza mvuke, ukipoa unarudi kuwa maji, siku zote ndani kwa ndani. Baada ya miezi kadhaa, ile rangi ya fedha iliyo nyuma ya balbu inaanza kubanduka na kufanya madoa. Rangi ile ni utando mwembamba mno wa alumini, na ndiyo inayokusanya mwanga na kuutupa barabarani. Ikishaharibika haina dawa. Hata kuifuta kwa kitambaa kunaichuna.

Wengine hutoboa tundu chini ya taa kwa msumari wa moto ili maji yachuruzike. Ndiyo, yatachuruzika. Kisha siku utakayopita kwenye dimbwi, maji ya barabarani yatapanda kwa tundu hilo hilo pamoja na matope, na kiangazi vumbi jekundu la njia za Mkongani na Kinango litaingia vilevile na kuganda juu ya unyevu. Sioni sababu ya kumsifu mtu kwa kazi hiyo.

Na jambo la tatu, ambalo limezidi siku hizi, ni balbu za LED za kununua dukani. Dereva anataka mwanga mweupe mkali, anatoa halojeni yake na kuweka LED. Balbu hizi nyingi zina feni au mabawa ya kupoza kwa nyuma, ni ndefu, na mfuniko wa mpira haufungi tena. Basi mfuniko unatupwa, au unakatwa katikati kwa wembe. Tangu siku hiyo mgongo wa taa uko wazi kwa mvua, kwa vumbi na kwa maji ya kuosha gari. Na tazameni tena: LED haitoi joto mbele kama halojeni, joto lake liko nyuma, kwa hivyo hata ule ukungu mdogo uliokuwa ukikauka kwa dakika ishirini sasa unakaa usiku kucha. Taa imepoteza mfuniko wake na imepoteza moto wake wa kujikausha, vyote kwa siku moja. Sijagusa bado habari ya kuwapofusha wanaokuja mbele, maana kasha lililochorwa kwa ajili ya halojeni halijui kuupanga mwanga wa LED.

Kwa nini nalishikilia sana jambo hili? Kwa sababu ya barabara zetu. Kijitone kilicho kwenye kioo hakizuii mwanga tu, kinautawanya. Mwanga uliotakiwa kwenda mbele na chini unakwenda juu na pembeni. Wewe unaona karibu, na anayekuja anaona wingu jeupe linalomchoma macho. Barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga ina watembea kwa miguu alfajiri, ina watoto wanaokwenda madrasa na shule, ina baiskeli zisizo na taa na mikokoteni ya maji. Na ukishapita Kwale kushika njia ya Kinango, unapita kando ya Shimba Hills, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968, ambapo ndovu huvuka kati ya msitu ule na eneo la Mwaluganje. Ndovu usiku hang'ai. Ngozi yake ni ya rangi ya barabara, na macho yake yako juu kuliko mwanga wako wa chini unapofika. Dereva anayeona mita 30 pale alipopaswa kuona 60 hana nafasi ya kufunga breki.

Haya, tufanye nini? Ukungu wa kawaida nimeshausemea. Ukiwa na taa inayokusanya maji, anza kwa kufungua boneti kabla hujafungua mkoba. Pitisha mkono nyuma ya taa. Mfuniko upo? Umekaa sawa pande zote? Kwenye gari za balbu ya H4, zile Probox na matatu nyingi, mpira wa nyuma una upande wake wa juu, na lazima uingie mpaka ubane kwenye miguu mitatu ya balbu. Mara nyingi sana tatizo lote liko hapo: aliyebadilisha balbu gizani aliurudisha mpira kinyume, au hakuurudisha. Mpira uliopasuka au uliokakamaa kwa joto unanunuliwa peke yake kwenye maduka ya spea, na ni rahisi mno ukilinganisha na taa.

Kisha tafuta matundu ya kupumulia. Ng'oa kale kampira kalikopinda, uone kama buibui amejenga humo au vumbi limeganda. Kasafishe, ukarudishe kakitazama chini. Sponji iliyooza ibadilishwe kwa sponji, isibadilishwe kwa tambara.

Kukausha, jua letu linatosha. Toa balbu bila kugusa kioo chake kwa vidole, kwa sababu mafuta ya ngozi huipasua halojeni ikipata moto. Fungua mfuniko, na ikiwezekana toa taa nzima, uilaze juani mchana mmoja, mdomo wa nyuma ukitazama chini ili maji yatoke. Siku isiyo na jua, mashine ya kukaushia nywele inasaidia, kwa moto mdogo na kwa mbali. Moto mkali unapinda plastiki. Usiingize kitambaa ndani.

Watu wananiuliza kuhusu vile vijifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Ni kweli vinanyonya unyevu, na taa nyingine hutoka kiwandani na kifuko chake maalumu. Lakini kwa hewa yetu ya asilimia 80, ambayo taa inaivuta kila siku, kifuko kidogo hujaa upesi kikawa hakina kazi. Na kifuko cha karatasi kikiteleza kikagusa halojeni kinaungua. Mimi sikishauri.

Ukiwa umekagua vyote hivyo na maji bado yanaingia, taa ina ufa au gundi imeachia. Hutokea sana kwa gari lililowahi kugongwa mbele, hata kidogo, likanyooshwa na taa ikarudishwa. Njia ya kupata ufa mafundi wa pancha wanaijua: paka povu la sabuni kwenye maungio, kisha puliza kwa mdomo, taratibu, kupitia tundu la hewa huku matundu mengine yamezibwa kwa kidole. Panapotoka viputo ndipo penye ugonjwa. Hapo silikoni ina haki yake, mahali pale pale tu, baada ya taa kukauka kabisa na kusafishwa. Kama gundi imeachia sehemu kubwa, fundi anayejua ataipasha taa moto wa kiasi, atafungua kioo, atabandua gundi kuukuu yote na kuweka mpya. Taa nyingine zimegandishwa kwa gundi ngumu isiyolainika kwa moto. Hizo hazifunguki bila kukatwa, na ni heri kutafuta nyingine. Ukinunua iliyotumika, tazama kwenye kioo jina la aliyeitengeneza, Koito, Stanley au Ichikoh kwa magari mengi ya Japani, na tazama ndani kama ile fedha bado inang'aa kote. Ikiwa na doa, iache dukani hata ikiwa kioo chake ni cheupe kama kipya.

Wanaoosha magari nao nina ombi kwao. Gari limetoka Lunga Lunga na taa zilikuwa zinawaka, msilipige maji baridi ya presha papo hapo. Kioo kinapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa kwa nguvu, na taa inavuta chochote kilicho kwenye matundu yake, hata maji ya sabuni. Liacheni kwanza dakika kumi. Na mdomo wa mashine ukae mbali na maungio ya taa.

Ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, unatazama taa, na matatu zinajua. Lakini ukaguzi wa matatu ni mara moja kwa mwaka, na masika yanakuja baada ya cheti kutoka kama yalivyokuja kabla yake. Mwenye gari ndiye anayeweza kutazama kila wiki.

Basi ombi langu kwa mafundi ni kwamba tundu la hewa lisizibwe tena, hata mteja akishikilia. Mwelezeni. Na kwenu madereva: ukungu unaokauka njiani usiwatoe pesa mfukoni, ila gari ambalo taa yake imetuamisha maji lisipande Kwale usiku mpaka litengenezwe.